Uvimbe wa ncha ya kiwiko: usiukimbilie kwa wembe

Wiki hii tunaliweka kando somo tulilokuwa tumeliahidi, ili tujibu hadharani barua iliyotufikia wiki chache zilizopita kutoka kwa dada yetu mmoja wa Tanga. Barua yenyewe ni fupi, lakini ndani yake mna jambo ambalo familia nyingi hulipuuza mpaka likawa kubwa. Kwa idhini yake tunainukuu:

"Baba yangu mzazi ana umri wa miaka 63 na ni fundi saa. Ana kisukari kwa mwaka wa nane sasa. Mwezi uliopita aliota uvimbe kwenye ncha ya kiwiko cha mkono wa kulia, laini, mkubwa kama yai la kuku, wala haukumuuma. Tukauacha. Wiki iliyopita alijigonga kwenye ukingo wa meza, akachubuka kidogo mahali hapo hapo. Tangu juzi uvimbe unang'aa, una joto, na usiku hauvumilii hata kuguswa na shuka. Mjomba anasema ni maji machafu, apelekwe akachanjwe na kupigwa chuku yatoke. Shangazi anasema ni saratani, usiguswe kabisa. Baba mwenyewe anasema utapona tu, inshaallah, maana mkono unakunjika na kunyooka. Tumfuate nani?"

Ndugu msomaji, barua hii haikusubiri zamu yake ya gazetini. Dada yetu alikuwa ameacha namba ya simu, nasi tulimpigia siku ile ile. Tulimwambia jambo moja: baba apelekwe hospitali leo, si kesho, na asiguswe na wembe wala sindano ya mtu yeyote njiani. Yaliyofuata tutayaeleza mwishoni. Kwanza tueleze ni kwa nini tulisema hivyo, ili kila nyumba ipate faida.

Kifuko kidogo chenye kazi kubwa

Gusa ncha ya kiwiko chako, ambacho baadhi yetu hukiita kisugudi. Utakuta mfupa uko karibu kabisa na ngozi, hauna nyama ya kuukinga. Ukikunja mkono, ngozi hutambaa juu ya mfupa huo. Ukiunyoosha, ngozi hulegea na kufanya mikunjo. Jambo hili hutokea mara nyingi mno kwa siku moja. Lau ngozi na mfupa vingesuguana hivi hivi, pasingepita muda kabla ya kuchubuana.

Kwa hekima Yake, Muumba ameweka baina ya viwili hivyo kifuko chembamba, chenye kuta laini na ute kidogo tu ndani yake, ili kimoja kiteleze juu ya mwenzake. Vifuko vya namna hii mwilini ni zaidi ya 100: viko begani, nyongani, gotini, kisiginoni na kila mahali penye msuguano. Hiki cha kiwiko mtoto hazaliwi nacho. Hujengeka katika miaka ya utotoni kadiri mkono unavyotumika.

Kikiwa kizima, kifuko hiki ni bapa na hukihisi. Kikiudhiwa, kuta zake huvimba na kutoa ute mwingi kuliko kawaida, nacho hufura. Hali hiyo wataalamu huiita basaitisi ya kiwiko. Kwa hiyo yale yaliyomo ndani ya uvimbe wa kawaida si maji machafu, kama alivyodhani mjomba. Ni ute wa mwili wenyewe, ule ule uliokuwapo tangu awali, ila umezidi kipimo.

Nini hukiudhi kifuko hiki?

Sababu ya kwanza, na ndiyo iliyozoeleka zaidi, ni kuegemea. Waingereza tangu zamani wameuita ugonjwa huu "kiwiko cha mwanafunzi", kwa sababu ya wanafunzi wanaoegemeza viwiko mezani kwa saa nyingi. Wengine wakauita "kiwiko cha mchimba migodi", kwa wale wanaotambaa kwa viwiko katika mashimo membamba ya ardhini. Nasi tunao watu wa namna hiyo: fundi saa na meza yake ya mbao, fundi magari anayelala chali chini ya gari, fundi bomba, karani wa ofisini, dereva anayeweka kiwiko dirishani kutwa nzima, na wachimbaji wadogo wa Mererani na Geita. Tumwongeze na kijana anayelala kifudifudi akiperuzi simu, na mzee anayesoma mkekani baada ya sala ya alfajiri akiwa amejiegemeza kwa kiwiko kimoja.

Sababu ya pili ni pigo. Mtu huanguka au hujigonga, na damu kidogo ikachanganyika na ute. Uvimbe huweza kutokea ghafla, ndani ya saa chache.

Sababu ya tatu ni maradhi mengine yaliyomo mwilini. Jongo, ambalo wengi huliita gauti, huweka chembe ngumu kama chumvi ndani ya kifuko na kukitia moto. Baridi yabisi nayo hukishambulia. Hata wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine, ambao hukaa saa nyingi wameegemeza mkono mmoja, huweza kupatwa.

Sababu ya nne ndiyo ya kuogopwa: vijidudu. Bakteria wa jamii ya stafilokokasi huishi juu ya ngozi na puani mwa watu wengi wazima bila ya kuwadhuru. Lakini wakipata mlango, hata mchubuko mdogo, mkwaruzo au kung'atwa na mdudu, huingia katika kifuko na kuufanya ute kuwa usaha. Vitabu vya tiba hukadiria kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya kila watatu wenye uvimbe wa vifuko vya aina hii vilivyo karibu na ngozi huwa na maambukizi ya vijidudu. Hiyo si idadi ya kudharau.

Kutofautisha usio na hatari na wenye hatari

Uvimbe usio na maambukizi huwa laini, hubonyea, na aghalabu hauumi au huuma kidogo pale unapoegemewa. Ngozi yake ni ya kawaida na joto lake halipishani na la sehemu nyingine za mkono. Huu hauhitaji kukimbizana.

Wenye maambukizi una alama zake. Huuma sana, hata ukiguswa kidogo. Huwa na joto. Uvimbe huenea kutoka kwenye ncha ya kiwiko kwenda juu au chini ya mkono. Pengine hutoka usaha. Mgonjwa huweza kupata homa na kutetemeka, na tezi za kwapani zikauma.

Tuongeze mambo matatu ambayo huwapoteza watu wengi.

La kwanza ni rangi. Maelezo mengi ya tiba husema tutazame wekundu, lakini katika ngozi nyeusi wekundu haujitokezi kwa urahisi. Tutazame badala yake kama ngozi imekuwa nyeusi zaidi kuliko kawaida yake, imekazana, au inang'aa. Kisha tuweke mgongo wa kiganja chetu juu ya kiwiko kinachouma, halafu juu ya kile kizima. Kama kimoja kina joto kuliko mwenzake, hiyo ni dalili ya kuzingatiwa.

La pili ni homa. Kukosekana kwa homa si ushahidi wa usalama. Wagonjwa wengi wenye maambukizi ya kifuko hiki hawana homa hata kidogo, hasa mwanzoni.

La tatu ndilo lile alilolisema baba wa dada yetu: mkono unakunjika. Ni kweli, na ni habari njema, kwa kuwa inaonyesha kwamba kiungo chenyewe huenda hakijaguswa. Lakini kifuko hiki kiko nje ya kiungo. Kinaweza kujaa usaha na mkono ukaendelea kukunjika na kunyooka. Na mkono ukikataa kabisa kunyooka au kukunjika kwa sababu ya maumivu, jambo ni zito zaidi, maana huenda mfupa umevunjika au vijidudu vimeingia ndani ya kiungo.

Kwa mgonjwa wa kisukari hesabu hubadilika. Sukari inapokuwa juu, kinga ya mwili hulegea na vijidudu huenea haraka. Na vijidudu vikienea, sukari nayo huzidi kupanda. Yakiachwa, maambukizi huweza kuingia katika damu na kuhatarisha maisha. Kadhalika wenye upungufu wa kinga, wenye figo dhaifu, na wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Hawa wasisubiri kuona itakuwaje.

Tiba ya nyumbani kwa uvimbe usio na hatari

Dawa kubwa ya kwanza haiuzwi dukani, nayo ni kuacha kukiegemea kiwiko. Maadamu sababu ipo, uvimbe hurudi hata ukiondolewa mara kumi. Wakati wa kazi, kiwiko kiwekewe mto laini au kitambaa kilichokunjwa.

Katika siku za mwanzo, barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa husaidia. Iwekwe dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku. Isiwekwe juu ya ngozi tupu, kwani baridi kali nayo huunguza. Bendeji ya kuvutika huweza kufungwa kwa wastani, isikaze hata vidole vikafa ganzi.

Dawa za kutuliza maumivu na kupunguza uvimbe, kama ibuprofeni au diklofenaki, hufaa kwa siku chache. Lakini si kila mtu anaruhusiwa kuzitumia. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, shinikizo la damu, maradhi ya moyo au pumu, na mama mjamzito, wamuulize kwanza daktari au mfamasia.

Baada ya hapo ni subira. Uvimbe wa aina hii hupungua polepole, kwa wiki kadhaa, na pengine miezi. Kubaki kwake si dalili ya saratani. Tunasema hivi kwa ajili ya shangazi na wote wenye hofu kama yake: uvimbe laini wenye majimaji kwenye ncha ya kiwiko, kwa sehemu kubwa kabisa, ni kifuko hiki tu. Hata hivyo, uvimbe mgumu kama jiwe, unaokua bila kusita au usio kwenye ncha yenyewe, uonyeshwe daktari ili aujue.

Yako pia mambo ya kuepukwa. Tusiuchue wala kuukanda kwa nguvu. Kufanya hivyo ni kumwongezea adha aliyekwisha kuudhika. Tusiufunge kitunguu saumu kilichopondwa, kwani huunguza ngozi na kufungua ule mlango tunaouogopa. Na tusiutoboe.

Kwa nini usitobolewe?

Hapa tuzungumze na mjomba kwa heshima zote, maana nia yake ni njema na wengi wanafikiri kama yeye. Hijama ni sunna inayojulikana, na safu hii haina ugomvi nayo. Lakini mtaalamu wa hijama aliyefunzwa vizuri hachanji juu ya ngozi iliyovimba, yenye joto au yenye maambukizi, wala haweki chuku hapo. Kila jambo jema lina mahali pake.

Uvimbe usio na vijidudu ukichanjwa kwa wembe, tumewafungulia vijidudu njia ya kuingia mahali ambapo hawakuwapo. Uvimbe wenye vijidudu ukichanjwa nyumbani, usaha haumaliziki, na vijidudu husukumwa kwenye nyama za jirani. Zaidi ya hayo, ngozi ya ncha ya kiwiko ni nyembamba na haitulii. Kidonda chake hukawia kupona, na wakati mwingine hubaki tundu dogo linalotiririsha ute kwa miezi.

Hata madaktari wenyewe hawana haraka ya kutia sindano katika uvimbe usio na hatari, kwa sababu hizo hizo. Huvuta majimaji pale wanapohisi maambukizi au jongo na wanataka kuyapima, au pale uvimbe unapomsumbua mgonjwa kupita kiasi. Wanapofanya hivyo, hutumia sindano isiyo na vijidudu juu ya ngozi iliyosafishwa kwa dawa.

Hospitali hufanya nini?

Daktari atautazama mkono, atauliza kazi ya mgonjwa na maradhi yake mengine, na huenda akaagiza picha ya eksirei kama kulikuwa na pigo. Atapima sukari na damu. Majimaji yakivutwa hupelekwa maabara, wakatazame kama mna bakteria na ni dawa gani inayowaua, au kama mna zile chembe za jongo.

Ikithibitika kuwa ni maambukizi, mgonjwa hupewa dawa za kuua bakteria, mara nyingi kwa siku 10 hadi 14. Mwenye hali nzito, au mwenye kisukari kisichodhibitiwa, huweza kulazwa ili apewe dawa kupitia mshipani. Tunasisitiza kwamba dawa hizi zimalizwe kama zilivyoandikwa. Kuziacha siku ya nne kwa kuwa maumivu yamepoa ni kuwaacha vijidudu wale walio sugu zaidi. Upasuaji wa kukiondoa kifuko chenyewe upo, lakini ni kwa wachache ambao njia nyingine zote zimeshindikana.

Twahara na sala

Wapo watakaouliza kuhusu udhu, maana kiwiko ni miongoni mwa viungo vilivyotajwa katika aya ya udhu, Suratul Maida aya ya 6. Uvimbe ambao ngozi yake ni nzima haudhuriwi na maji. Mgonjwa atatawadha kama kawaida yake. Kama pana kidonda kilichofungwa na daktari amekataza maji, mafakihi wameeleza kupangusa juu ya bendeji na, kwa mwenye udhuru, kutayammamu. Mgonjwa amuulize sheikh wake wa karibu, wala asiivue bendeji kwa kudhani kwamba dini inamtaka ajidhuru.

Ama kusujudu, sunna ni kuinua viwiko kutoka ardhini, kwa hiyo sijda iliyofanywa sawasawa haikiudhi kifuko hiki. Tatizo huja kwa wazee wanaojisukuma kwa kiwiko wanapoinuka mkekani. Hao wafundishwe kutumia kiganja, au wasaidiwe na vijana walio karibu.

Tumfuate nani?

Turudi kwenye swali la dada yetu. Kila mmoja katika familia ile alikuwa na sehemu ya ukweli. Mjomba alikuwa sahihi kwamba jambo lile halikustahili kuachwa, alikosea chombo. Shangazi alikuwa sahihi kwamba uvimbe usichezewe. Alikosea jina la ugonjwa. Baba alikuwa sahihi kwamba kiungo chake ni kizima. Alikosea kudhani kwamba hilo linatosha. Kisukari, mchubuko, joto na ngozi yenye kung'aa vilipokutana kwenye kiwiko kimoja, hapakuwa na la kujadiliana tena nyumbani.

Walimpeleka kabla ya alasiri, na mjomba mwenyewe ndiye aliyekodi bajaji. Sukari ilikutwa juu. Majimaji yaliyovutwa yalikuwa na usaha. Mzee alilazwa siku nne akitiwa dawa mshipani, kisha akaendelea na vidonge nyumbani mpaka akavimaliza. Daktari aliwaambia kwamba lau wangechelewa siku mbili tatu zaidi, mazungumzo yangekuwa mengine.

Dada yetu ametuarifu juzi kwamba uvimbe umebaki mdogo kama punje ya karanga na hauumi. Baba amerejea kwenye meza yake ya saa. Amemshonea kijito kidogo cha sufi cha kuwekea kiwiko, na kila asubuhi mjukuu ana kazi ya kuhakikisha kwamba babu hakukisahau nyumbani.

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma, vitazame viwiko vya wazee wako. Wao hawapendi kusumbua watu, na aghalabu hunyamaza mpaka maumivu yawashinde. Tunamuomba Allah (SW) awape shifaa wagonjwa wetu wote na atujaalie kuwatazama wazazi wetu kwa jicho la huruma kama walivyotutazama sisi tulipokuwa wadogo. Tukutane wiki ijayo inshaallah, kwa somo lile tulilolikopa leo.

Wabillahi tawfiq.